Injini ya mkono na injini ya kiwandani: ipi bora, na kwa nini swali hili linafika mpaka ufukweni Bagamoyo

Agosti 2025 kiwanda cha Nissan cha Tochigi, Japani, kilitoa gari la mwisho la Nissan GT-R aina ya R35. Kwa miaka 18 yalitengenezwa magari takriban 48,000, na injini ya kila moja iliunganishwa kwa mkono na fundi mmoja kutoka kundi la mafundi bingwa wanaoitwa takumi. Jumla yao ni tisa tu. Fundi akimaliza kazi, injini ilibandikwa kibati chenye jina lake.

Habari ya namna hii haipiti kimya kwenye barabara yetu. Kuanzia Mwenge, Tegeta na Bunju hadi Mapinga na Kerege kuna vijana wengi wanaopenda magari ya mwendo, na hasa wenye Subaru, ambao mlio wake unawafikia majirani kabla gari lenyewe halijafika. Vijiweni mwao mjadala ni wa zamani: je, injini iliyojengwa kwa mkono ni bora kuliko ile inayotoka kwenye mstari wa kiwanda, ambako injini inasogea na kila mfanyakazi anafunga kipande chake tu kisha anaiachia iende kwa mwenzake?

Wengi hujibu upesi kwamba ya mkono ni bora, kwa sababu ni ghali na ina jina la mtu. Jibu hilo lina kasoro, na kasoro yake haiwahusu wenye magari ya kifahari peke yao. Wanaoguswa zaidi ni mvuvi wa Bagamoyo mwenye mashine ya boti, dereva wa bodaboda wa Kiromo, na abiria wa daladala anayerudi mjini usiku. Katika pwani hii kila injini, hata ikiwa imetoka kwenye mstari wa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani, huishia kuwa injini ya mkono. Siku itakapofunguliwa chini ya mwembe na kurudishiwa pistoni na ringi mpya, itakuwa imejengwa upya na mtu mmoja. Tofauti ni kwamba haitabandikwa kibati.

Mkono unafanya kazi gani hasa

Tuanze na hao wenye sifa. Kampuni ya AMG ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1967 na wahandisi wawili, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher. Leo iko ndani ya Mercedes-Benz, na makao yake ni mji mdogo wa Affalterbach. Kanuni yake inajulikana kwa wapenzi wote wa magari: mtu mmoja, injini moja. Fundi anasukuma toroli lenye injini kutoka kituo hadi kituo, anaifunga kuanzia krenki hadi mfuniko wa juu, kisha anaweka sahihi yake. Mojawapo ya injini hizo, M139 iliyotoka mwaka 2019, ina ujazo wa lita 2 tu, sawa na gari la kawaida la familia, lakini inatoa nguvu za farasi 421.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kuna mzee mwenye tupa mkononi anayekwangua pistoni mpaka iingie. Hakuna. Pistoni, krenki na silinda zimechongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na zimepimwa kabla hazijafika mezani kwa fundi. Spana anayotumia imeunganishwa na kompyuta inayoandika kila bolti imekazwa kwa nguvu kiasi gani. Kule Japani takumi walifanya kazi katika chumba kisicho na vumbi, chenye joto linalodhibitiwa, kwa sababu chuma hutanuka na kusinyaa. Mkono unachokifanya hapo ni kuunganisha kwa utulivu, kuhisi kama kitu kinazunguka kwa ulaini, na kusimama pale panapotia shaka bila kusukumwa na injini ya nyuma inayosubiri zamu.

Halafu kuna sababu ambayo matangazo ya biashara huipitia haraka. Mstari wa kiwanda ni ghali kuujenga. Unalipa ukiwa unatoa injini laki kadhaa kwa mwaka. Ukitaka kutoa chache, huna haja ya mstari, unahitaji meza, vifaa na watu wachache hodari. Gari la kifahari linajengwa kwa mkono kwanza kwa sababu ni machache. Ubora wake unatokana na chuma kizuri, vipimo vikali na muda mrefu wa majaribio, na vyote hivyo kiwanda chenye mstari kinaweza kuvipata kikitaka.

Ushahidi tunao karibu. Land Cruiser nyingi zinazopeleka watalii Saadani, na nyingi zinazobeba wagonjwa vijijini, zinatumia injini ya dizeli ya Toyota inayoitwa 1HZ. Ina silinda sita na lita 4.2, ilianza kutengenezwa mwaka 1990, na ni injini ya mstari wa kiwanda tangu siku ya kwanza. Nguvu zake hazifiki hata farasi 140. Ukiishindanisha na ile M139 barabarani, mashindano yataisha kabla hujamaliza kufunga mkanda. Ukizipeleka zote mbili kwenye tope jeusi la masika, na fundi wa karibu yuko kilomita 60, nadhani hakuna msikilizaji atakayehitaji kuuliza achague ipi.

Magari matatu yaliyofunguliwa na kuchanganywa

Kuna kisa cha mwaka 1908 ambacho kwangu kinaeleza suala hili kuliko takwimu yoyote. Wakati huo magari karibu yote ya Ulaya yalijengwa kwa mkono. Fundi alichukua kipande, akakijaribu, kikikataa akakipiga tupa, akakijaribu tena mpaka kikakaa. Gari lilitoka zuri, lakini pistoni ya gari hili haikuingia kwenye gari lile, ingawa yote mawili yalitoka karakana moja.

Mwaka huo klabu ya magari ya Uingereza ilichukua Cadillac tatu za Kimarekani zilizokuwa dukani na kuzipeleka kwenye uwanja wa mashindano wa Brooklands. Zilifunguliwa mpaka kipande cha mwisho, vipande vyote vikachanganywa kama karata, na 89 kati yake vikaondolewa na kuwekwa vingine kutoka stoo ya vipuri. Mafundi wakaambiwa wayaunge tena magari matatu kwa spana na bisibisi, bila kupiga tupa popote. Yaliwaka yote. Kisha yakakimbizwa uwanjani maili 500, kama kilomita 800 hivi, karibu mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1913, Henry Ford alianzisha mstari unaotembea kule Highland Park, na muda wa kuunganisha gari moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na nusu hivi. Watu hukumbuka kasi hiyo wakasahau Brooklands. Mstari wa Ford usingewezekana kama kila kipande kingehitaji tupa. Kwanza kilikuja kipimo, ndipo ukaja mstari. Na zawadi kubwa iliyotoka hapo kwa watu kama sisi ni kipuri: kwamba kitu kilichotengenezwa mbali sana kinaweza kuletwa ndani ya boksi mpaka Bagamoyo, kikaingia.

Boti ya mkono, mashine ya kiwandani

Ukitaka kuona mifumo yote miwili kwenye chombo kimoja, nenda ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki na forodha ya zamani. Hapo mashua bado zinajengwa kwa mkono. Fundi anaweka mkuku, anatafuta miti iliyopinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, anapigilia mbao, anaziba nafasi kwa pamba za kalafati. Hana mchoro wa karatasi. Hakuna mashua mbili zinazofanana kabisa, na hiyo si dosari, maana hakuna miti miwili inayofanana. Jicho la fundi linajua taruma hili lina mkunjo wa kukaa mbele na lile la kukaa katikati. Mbao ikioza, fundi yeyote wa pwani hii, awe wa hapa, wa Mlingotini au wa Pangani, anaikata na kuchonga nyingine ya kukaa palepale. Mti una uvumilivu: ukiloa unavimba na kujiziba, na kosa la upana wa kucha linazibwa na kalafati.

Sasa tazama nyuma ya mashua hiyo hiyo. Mashine iliyofungwa hapo imetoka kwenye mstari wa kiwanda, mara nyingi ni Yamaha. Chuma hakina uvumilivu wa mti. Katika injini nyingi ndogo za magari, nafasi kati ya krenki na beringi zake, pale inapopita oili, ni sehemu tatu hadi sita za milimita iliyogawanywa mara 100. Unywele wako mmoja huenda ni mnene kuliko nafasi hiyo. Ikizidi, presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga. Ikipungua, oili haipiti, chuma kinakutana na chuma na injini inakamata. Jicho haliwezi kuona kosa hilo, na hata kidole cha fundi mwenye miaka 30 kazini hakiwezi kulipima.

Kwa hiyo ustadi wa mkono unaotosha kabisa kwenye mashua hautoshi kwenye mashine iliyofungwa nyuma yake. Nasema hivi nikijua mafundi hawatapenda. Wapo ambao ukiwasha gari mbele yao wanakuambia kwa kusikiliza tu ni silinda ipi inakohoa, na hawakosei. Kusikia ugonjwa ni elimu kubwa. Lakini kuujua ugonjwa ni kazi moja, na kurudisha chuma kwenye kipimo chake ni kazi nyingine.

Namba zilizogongwa kwenye chuma

Wenye magari madogo wengi hawajawahi kuambiwa jambo hili. Injini nyingi za Toyota zina namba ndogo zilizogongwa kiwandani kwenye bloku, na nyingine kwenye krenki. Si namba za usajili. Hata kiwandani mashine hazichongi sawasawa kabisa, kwa hiyo kila shimo hupimwa na kupewa daraja lake. Anayefunga anajumlisha namba ya bloku na namba ya krenki, na jibu linamwambia achague beringi ya unene gani. Maana yake ni kwamba injini ya mstari wa kiwanda nayo ilichaguliwa vipande vyake kimoja kimoja, kwa kipimo, kabla haijafungwa.

Ikiharibika na kufunguliwa hapa kwetu, mara nyingi namba hizo hazisomwi. Zimefunikwa na uchafu, au fundi hakufundishwa, au duka lina beringi za aina moja tu. Zinafungwa zilizopo. Bolti za hedi, ambazo kiwanda kimeandika zikazwe kwa hatua na kwa mpangilio maalumu kuanzia katikati kwenda nje, zinakazwa kwa nguvu ya bega, na wakati mwingine kwa bomba lililochomekwa kwenye spana ili kuongeza urefu. Gari linawaka, mwenye gari anafurahi, fundi analipwa. Baada ya miezi mitatu maji yanaingia kwenye oili. Hapo kila mtu anasema injini hizi siku hizi ni mbovu.

Ndiyo sababu wenye gari wengi wameacha kabisa kutengeneza. Injini ikinoki wanakwenda Gerezani au Ilala kununua nyingine iliyotumika Japani, wanaifunga nzima bila kuifungua. Vijana wa Subaru wanaijua safari hiyo vizuri. Siwalaumu. Ukitazama kwa makini, wanachokifanya ni kununua kazi ya mtu aliyepima, hata kama injini hiyo imeshatembea kilomita ambazo hakuna anayezijua, kwa sababu hawaiamini kazi ya asiyepima. Soko limeshatoa hukumu yake, na hukumu hiyo inatoa fedha za kigeni nje ya nchi kila kontena linapoingia.

Mvuvi hana njia hiyo rahisi. Mashine ya boti ya mtumba si bidhaa inayojaa madukani kama injini za magari, na mpya ni mtaji wa miaka. Kwa hiyo inafunguliwa na kufungwa, inafunguliwa na kufungwa. Mashine za petroli zinazochanganywa oili kwenye tangi hazisamehi: akibana oili kuokoa fedha kidogo, pistoni inakwaruza ukuta wa silinda. Silinda ikiborishwa na kuwekewa pistoni ya ovasaizi bila kipimo sahihi, itakamata tena, na safari hii huenda ikawa katikati ya mkondo wa Zanzibar upepo wa kusi ukiwa mkali. Mwenye mashua yenye tanga anatweka na kurudi. Mwenye boti ya faiba isiyo na mlingoti anasubiri mwenzake apite, huku upepo na maji vikimpeleka kaskazini.

Hilo linanifanya nitazame kwa jicho la pili mpango wa serikali wa miaka ya karibuni wa kuwakopesha wavuvi boti za faiba zenye mashine. Mpango ni mzuri, na boti za faiba zinazotolewa kwenye kalibu moja zina faida zake: ni nyepesi na hazili matengenezo ya mbao. Lakini mvuvi aliyehama kutoka tanga kwenda mashine pekee amehamisha maisha yake kutoka kwa fundi wa mbao kwenda kwa fundi wa chuma. Wa kwanza tunaye na ni hodari. Wa pili tunaye pia, ila amenyimwa vifaa.

Kibaha, Nairobi na ndoto ya gari letu

Mkoa wetu wa Pwani una historia ndefu kwenye jambo hili kuliko wengi wanavyokumbuka. Kibaha ndipo lilipo shirika la Nyumbu, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 chini ya jeshi, likatengeneza lori la Kitanzania lililoitwa jina hilo hilo. Yalitoka machache. Kibaha hiyo hiyo, eneo la TAMCO, ndipo malori ya Scania yalipokuwa yakiunganishwa, na leo eneo hilo lina kiwanda cha kuunganisha malori kutoka China. Ni ajira, na ni jambo la kupongezwa, ila ieleweke kinachofanyika: injini inafika imeshafungwa, inapachikwa kwenye chesisi. Mstari wa kuunganishia haumfundishi mtu kujenga injini, kama vile kupanga matofali hakumfundishi mtu kuyachoma.

Wakenya walijaribu njia ngumu zaidi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari machache ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani, yamejengwa kwa mkono, karakana za reli zikiwa zimeshiriki. Hayakuwahi kuingia sokoni. Wengi huishia hapo na kucheka. Lakini mradi ule ulizaa karakana ya mashine za kuchonga chuma kwa kompyuta, Numerical Machining Complex, ambayo ilibaki inachonga vipuri baada ya gari lenyewe kusahaulika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani. Karibu zaidi na leo, kampuni ya Mobius, iliyounganisha magari ya kazi Nairobi kwa idadi ndogo, ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafunga kwa sababu ya mzigo wa madeni na kodi. Kujenga magari machache kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu ni hesabu iliyowashinda hata wenye mitaji. AMG inaiweza kwa sababu wateja wake hawaulizi bei mara mbili.

Ningekuwa na sauti kwenye bajeti, ningeweka fedha mahali ambapo hakuna utepe wa kukata. Mbegani, kilomita chache kusini mwa mji wetu, kuna chuo cha Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, kilichojengwa kwa msaada wa Norway. VETA nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, ambapo fundi anapimwa na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka mitatu. Mafundi wa mashine wa Bagamoyo wangeweza kupita njia hiyo, na badala ya kurudi na cheti cha kutundika ukutani, warudi pia na mikromita, spana ya toki na kitabu cha vipimo kwa Kiswahili. Vifaa hivyo kwa fundi mmoja havifiki bei ya mashine moja ya boti. Na Tume ya Ushindani, ambayo imekuwa ikikamata bidhaa bandia mara kwa mara, ina kazi kubwa kwenye maboksi ya pistoni na ringi, maana fundi anayepima vizuri kisha akafunga ringi feki amepoteza muda wake na fedha za mteja.

Kuna jambo moja la takumi ambalo halihitaji bajeti yoyote. Kile kibati cha jina kilimwambia mwenye gari ni nani wa kumuuliza. Huku kwetu fundi tunamjua kwa jina na kwa mti anaokaa chini yake, ila tukiachana naye hatubaki na maandishi yoyote. Karatasi moja ingetosha: silinda imeborishwa hadi kipimo gani, pistoni ni saizi gani, bolti zimekazwa kwa nguvu ngapi, tarehe, jina na namba ya simu. Fundi atakayeifungua baadaye ataanza pale mwenzake alipoishia, badala ya kukisia. Karakana chache zenye mashine za kuchonga tayari huandika vipimo hivyo mteja akiomba. Anayetaka karatasi hiyo aiombe kabla hedi haijafunguliwa, wakati bei bado inazungumzwa. Vipuri vikishakuwa ndani ya karai la petroli, mteja hana tena nguvu ya kudai kitu.